Gurudumu la Nne

Hakimu alikutwa Jumamosi saa nne asubuhi, amelala ubavu kando ya meza yake ya kazi, miwani usoni, kibano kidogo kikiwa bado kati ya vidole vyake. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na jeraha lililopasua ngozi hadi kwenye mfupa. Kwenye pembe ya meza lilifungwa jiliwa la chuma la kubania vitu, na meno yake yalikuwa na damu na unywele mmoja mweupe.

"Usiguse kitu," Inspekta alimwambia Koplo.

"Niguse nini, Afande? Hata pa kuweka mguu hakuna."

Alisema kweli. Chumba kilikuwa cha uani, kidogo, na maboksi yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini. Mezani palikuwa na taa yenye shingo ndefu, tupa nyembamba, vipande vya msasa, kalipa ya kupimia na daftari lililofunguliwa. Katikati, chini ya taa iliyokuwa bado inawaka, palikuwa na boksi moja lenye picha ya ndege ndogo ya kubeba barua.

Marehemu hakuwa hakimu wa mahakama yoyote. Alistaafu akiwa mchora ramani, na kwa miaka ishirini alikuwa akihukumu ndege za plastiki, zile zinazouzwa vipande vipande ndani ya boksi ili mnunuzi aziunge mwenyewe kwa gundi. Kila mwezi alitoa hukumu moja katika jarida la chama chao, na hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Fundi aliyesifiwa alitembea kifua mbele. Aliyekosolewa alijificha mpaka watu wasahau.

"Watu wazima na akili zao," Koplo alinong'ona. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, na hakuwa na subira na starehe za watu wengine.

Jikoni walikuwapo watu wawili. Dada wa marehemu, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyeishi na kaka yake tangu afiwe na mume, alikuwa amekaa na kikapu cha sokoni mapajani, hajakitua. Kando yake alisimama mwanawe, mwenye duka la ndege hizohizo mtaa wa pili. Mikono ya shati lake ilikuwa na damu hadi viwikoni.

"Wewe ndiye uliyemkuta?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro. Nilidhani ameanguka tu. Nikajaribu kumwinua."

"Mlango?"

"Ulikuwa wazi. Mjomba hafungi mchana."

"Jana jioni ulikuwa hapa?"

Akamtazama mama yake kabla ya kujibu. Inspekta aliliona hilo, akaliweka akiba.

"Nilipita."

"Mkaongea nini?"

"Mambo ya kawaida."

Mambo hayo ya kawaida jirani aliyasikia akiwa upande wa pili wa ukuta, wala hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Mpwa alipaza sauti, akasema, "Mjomba, ukiandika hivyo umenimaliza." Hakimu akamjibu kwamba yeye kama anaipenda ndege hiyo aendelee kuita chongo kengeza, lakini jarida litaita chongo.

Kufikia saa sita mchana Mkuu wa kituo alikuwa ameridhika. "Kagombana naye jioni, kakutwa na damu asubuhi. Unataka nini tena, malaika ashuke atoe ushahidi? Mweke mahabusu. Jumatatu saa sita apande mahakamani kwa kosa la mauaji."

Mpwa alipoingizwa kwenye gari akiwa na pingu, mama yake hakupiga kelele. Alimfuata Inspekta hadi getini, akamshika mkono.

"Mwanangu, duniani nina watu wawili tu. Mmoja mmemfunika shuka, mmoja mmemfunga pingu. Nitabaki na nani?"

"Kama hakufanya, Mama, atarudi."

"Na Jumatatu saa sita ikifika hujajua?"

Swali hilo lilimuuma Inspekta njia nzima.

Jioni daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti akapiga simu. Kifuani mwa marehemu kulikuwa na michubuko miwili ya viganja. Alisukumwa kwa nguvu, akarudi nyuma, kichwa kikagonga jiliwa.

"Alikufa saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu asubuhi, au karibu na hapo. Lakini hakufa papo hapo. Alikaa hai kama nusu saa."

"Angewahishwa hospitali?"

"Uwezekano mkubwa angepona," daktari alisema, akakata simu.

Kwa hiyo mtu alisukuma, akaona, akaondoka. Au hakuondoka. Inspekta alilala na swali hilo, na kama mnavyojua, swali si mto mzuri.

Jumapili asubuhi walirudi kwenye chumba kile, Koplo akiwa nyuma akiomboleza Jumapili yake. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa ameshaleta taarifa. Meza ilikuwa imefutwa kwa kitambaa. Kwenye boksi lenye picha ya ndege ya barua hapakuwa na alama ya mtu yeyote.

"Hata ya mwenye nyumba?" Koplo aliuliza.

"Hata yake. Sasa boksi lilifikaje mezani, kwa miguu yake?"

Alivaa glavu akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni ambao haujafunguliwa, na ndani ya mfuko vipande vya kijivu vilivyoshikana bado kwenye vijiti vyake: mbawa, mkia, kiti cha rubani kisichozidi ukucha.

"Hakuwa ameifungua," Koplo alisema. "Kama hajaifungua, hajaihukumu. Kama hajaihukumu, nani wa kumkasirikia? Turudi kwa mpwa."

"Na huyo mpwa aligombana naye Ijumaa kwa hukumu ya kitu ambacho hakijafunguliwa?"

Koplo akajikuna kidevu. Alikuwa mlalamikaji, si mjinga.

Dada wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni, khanga begani, anaogopa kuvuka kizingiti cha chumba alichokifagia kwa miaka.

"Mama," Inspekta alimwita. "Ndege hii kaka yako aliipata lini?"

"Jumatano. Alhamisi akawa anaiosha kwenye karai langu. Mswaki, sabuni, maji ya vuguvugu, utadhani anamwogesha mtoto mchanga. Nikamwambia, kaka, hilo karai ni la unga. Akasema plastiki yake ni safi kuliko unga wangu."

"Una hakika ni ndege hii?"

"Alinionyesha bawa. Akasema, 'Unaikumbuka hii? Ndiyo ilikuwa ikituletea barua shuleni.'"

Inspekta akakata mfuko na kutoa kijiti kimoja. Kiliteleza kwenye glavu. Alidondoshea bawa tone la maji kutoka kwenye chupa ya mezani, nalo tone likasimama juu kama linavyosimama juu ya sufuria yenye mafuta.

"Hii haijawahi kuoshwa," alisema.

"Basi si ile," Dada alisema, na kwa mara ya kwanza akavuka kizingiti. "Hebu nione kifuniko. Ndani."

"Ndani kuna nini?"

"Daftarini kaka alikuwa akiandika kasoro tu. Hukumu yenyewe anaiandika ndani ya kifuniko cha boksi, kwa penseli. Hakumwambia mtu. Mimi najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakatazwa kutupa maboksi. Mwisho huweka neno moja. 'Itolewe', au 'Inabaki'. Zikitolewa anazigawa kwa wanachama. Zinazobaki ziko pale."

Juu ya dirisha palikuwa na rafu ndogo yenye ndege nne, zimeungwa na kupakwa rangi, hazina hata chembe ya vumbi.

"Nne tu?"

"Miaka ishirini, mwanangu. Kaka alikuwa mgumu."

Inspekta akageuza kifuniko. Kilikuwa cheupe, hakina hata nukta. Basi mtu alikuwa amebadilisha boksi, na mtu huyo hakujua habari za penseli.

Daftari nalo lilikuwa limechanwa ukurasa. Mtaalamu aliuangaza ukurasa uliofuata kwa mwanga wa pembeni, na mikandamizo ya kalamu ikatokea: *Ndevu kila mahali. Pua fupi, milimita mbili na nusu. Kosa la msingi.*

"Ndevu?" Koplo aliuliza. "Ndege ina ndevu?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Inspekta alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza akiwa na tochi, sare yake ya Jumapili ikipata vumbi la plastiki. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kitu kwenye kiganja: gurudumu la kijivu, dogo kuliko punje ya dengu, na kuzunguka ukingo wake utando mwembamba wa plastiki iliyovuja.

Akahesabu vijiti vya mezani. Magurudumu matatu, yote mahali pake, ukingo safi.

"Ndege hii ina magurudumu mangapi, Koplo?"

Koplo akaangalia picha ya boksi. "Matatu."

"Basi hili ni la nne," alisema Inspekta.

*

Mpwa aliletwa kutoka mahabusu hajanyoa, amevimba macho.

"Mjomba wangu kafa, na wewe unaniuliza habari za magurudumu."

"Nijibu, maana kesho saa sita si mbali. Ndevu ni nini?"

Alilitazama gurudumu ndani ya mfuko wa vielelezo, na ufundi ukamshinda huzuni kwa dakika moja. "Hizo ndizo ndevu. Viwanda vikubwa vina kalibu za kumiminia plastiki, za chuma kigumu. Ndege ya laki moja inatoka sawa na ya kwanza. Hizi ni za toleo dogo. Mtu mmoja anachonga kalibu ya alumini uani kwake, anatoa mia tatu, basi. Kalibu ni laini. Kila ikibanwa inachakaa, plastiki inaanza kuvuja pembeni. Mnunuzi ananyoa mwenyewe kwa wembe."

"Na hii isiyo na ndevu?" Inspekta aliuliza, akimsogezea gurudumu moja la boksi la mezani.

Akalisogelea gurudumu la pili, akaligeuza mara mbili.

"Umeitoa wapi hii?"

"Mezani kwa mjomba wako."

"Haiwezekani. Hii ni ya kwanza kwanza kutoka kwenye kalibu. Dukani kwangu haijafika hata moja. Fundi aliyeitengeneza haziuzi zile kumi za mwanzo, anasema ni watoto wake. Mjomba alichukua lake dukani kwangu, Jumatano, kwa mkono wake. Kafungue maboksi yangu yote uone."

"Mafuta haya?"

"Kalibu hupakwa mafuta ili plastiki isigande. Mjomba hagusi kitu mpaka akioshe. Alikuwa akisema kuhukumu plastiki chafu ni kumpima mtu uzito pamoja na mzigo wake."

"Ijumaa mligombana nini?"

Hapo akainamisha kichwa. "Aliniambia pua ya ndege ile si sahihi na ataandika mambo ya kumshangaza kila mtu. Hakunieleza zaidi. Nilikuwa nimejaza duka, nikapandwa na hasira. Niliporudi nyumbani nikampigia Fundi simu, nikamwambia ajiandae, pua yake imekataliwa."

"Mbona ulinificha jana?"

"Mbele ya mama? Ajue kwamba maneno yangu ya mwisho kwa kaka yake yalikuwa ugomvi?"

Inspekta alimwamini, ingawa kazi yake ilikuwa imemfundisha kutoamini machozi. Hata hivyo alipita dukani, akafungua maboksi sita. Magurudumu yote kumi na nane yalikuwa na ndevu.

"Kwa hiyo muuaji alimwachia marehemu nzuri, akaondoka na mbaya," Koplo alisema. "Mwizi wa ajabu."

*

Fundi alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Kwa miaka mingi alichonga kalibu za ndoo na mabeseni kiwandani. Sasa alikuwa na karakana yake uani, mashine moja ya kuchoronga, moja ya kubana plastiki, na harufu ya mafuta iliyoingia hadi kwenye kuta. Ukutani palining'inia picha moja. Mwanamume aliyevaa kaptura alisimama amebeba gunia, mkono wake umeegemea pua ya ndege ndogo.

"Huyo nani?" Inspekta aliuliza.

"Baba. Alikuwa mpakia barua. Sina picha yake nyingine."

"Ndege hiyo ndiyo uliyoitengeneza?"

"Miaka tisa," Fundi alisema. "Kalibu ya kwanza ilipasuka. Ya pili nilikosea mkia. Ya tatu ndiyo hiyo."

"Hakimu ulimwona lini mwisho?"

"Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa chama. Mungu amlaze pema."

"Ulijua amesema nini juu ya ndege yako?"

"Hapana. Nilikuwa nasubiri jarida kama watu wengine."

"Hukupigiwa simu Ijumaa?"

"Hapana."

Alijibu upesi mno, kabla swali halijatua. Inspekta akageukia rafu ya juu, ambapo maboksi yalipangwa peke yao, yamefunikwa kwa kitambaa safi.

"Hawa ndio watoto wako?"

Fundi akatabasamu kidogo. "Mpwa wake kakwambia. Ndiyo. Kumi za mwanzo."

"Naona tisa."

"Moja nilimpa rafiki."

"Rafiki gani?"

"Wa zamani."

"Anakaa wapi?"

"Alihama."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Alihama zamani, akapokea ndege iliyotoka mwezi uliopita."

Njia ya mwongo ni fupi, na Fundi alikuwa amefika mwisho wake na bado anatembea. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Inspekta alimtazama akifuta. Alianza kwenye pembe, akafuata mistari iliyonyooka, akarudi, taratibu, kama mtu asiyeweza kuacha alama ya kidole juu ya kitu.

"Asante kwa muda wako, Fundi," alisema.

Nje alimwachia Koplo kazi ya kukaa mkabala na geti mpaka zamu ibadilishwe, na kumzuia yeyote atakayetoka na boksi. Yeye akaenda kutafuta hakimu wa kweli wa kumtilia sahihi hati ya upekuzi. Mkuu wa kituo alimwambia anapoteza wakati. Akamwambia pia kwamba saa sita ni saa sita.

*

Jumatatu saa moja asubuhi walikuwa karakanani. Kampuni ya simu ilikuwa imethibitisha: Ijumaa saa mbili usiku, mpwa alimpigia Fundi, wakaongea dakika nne.

"Nilisahau," Fundi alisema.

Kando ya ukuta palikuwa na shehena ya maboksi yanayosubiri kwenda madukani, arobaini na mawili, yote yenye picha ileile. Pazuri pa kuficha boksi ni katikati ya maboksi. Inspekta aliagiza kikombe cha maji na kichupa cha kudondoshea dawa ya macho.

"Moja moja," alimwambia Koplo. "Ukifunua, dondosha tone juu ya bawa."

"Afande, nimefanya kazi ya polisi miaka thelathini na tatu. Nimefukuza majambazi. Nimeshika wezi wa ng'ombe. Leo nanyweshea maji ndege."

"Nyweshea tu."

Tone likasimama. Tone likasimama. Boksi la kumi, la ishirini. Saa ikafika tatu, ikafika nne kasoro. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, na kila kifuniko kilipofunuliwa koo lake lilipanda na kushuka. Inspekta hakuwa akitazama maboksi. Alikuwa akilitazama koo.

Kwenye boksi la thelathini na moja Koplo akadondosha tone, nalo likatandaa, likatiririka bawani hadi kwenye kidole chake.

"Hii imeoshwa," alisema kwa sauti ndogo.

Mfuko ulikuwa umekatwa kwa wembe. Baadhi ya vipande vilikuwa vimetolewa kwenye vijiti, na puani palikuwa na alama mbili nyembamba za kalipa. Koplo akahesabu magurudumu, akahesabu tena.

"Mawili."

Inspekta akaweka mfuko wa kielelezo mezani, mbele ya Fundi. Gurudumu lile dogo lilikuwa ndani yake, na ndevu zake.

"La tatu alikuwa amelishika Hakimu," alisema. "Lilimponyoka ulipomsukuma. Ulifuta meza, ukafuta boksi, ukachana daftari. Sakafuni hukuinama."

Fundi akavua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashine.

"Sisi wote tunajua sakafu hula vipande," alisema. "Nilisahau."

"Nieleze tangu mwanzo."

"Sikwenda kumuua. Nilichukua moja ya zile kumi, nikaenda kumwomba aihukumu hiyo badala ya ile ya dukani. Ile ya dukani ina ndevu, nakubali. Nilidhani pengine na pua ataiona vingine. Nikamkuta amekaa, daftari liko wazi. Nikasoma. 'Kosa la msingi.' Miaka tisa, Inspekta, halafu 'kosa la msingi'."

"Pua ni fupi kweli?"

"Ni fupi. Mchoro ndio ulivyosema. Na mchoro ulikuwa wake. Yeye mwenyewe alinipa, miaka tisa iliyopita, amechora kwa mkono wake. Nilifuata mstari kwa mstari. Halafu achukue kalipa, anihukumu mimi kwa kosa lake mwenyewe, watu wacheke, waseme huyu kashindwa hata pua ya ndege aliyoegemea baba yake."

"Ulimwambia hivyo?"

"Sikumwambia kitu. Yeye ndiye aliyesema. Aligeuka na kibano chake, akasema, 'Kaa kwanza, nataka kukwambia jambo kuhusu ule mchoro.' Nilipolisikia neno mchoro nikajua anakana. Nikasimama. Akasimama. Nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Akagonga jiliwa."

"Alikuwa hai?"

Fundi akapangusa goti lake kwa kiganja.

"Fundi. Alikuwa hai?"

"Alikuwa akipumua."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nafuta."

Koplo, aliyefukuza majambazi, alitoka nje akasimama uani.

"Mbona hukuondoka na maboksi yote mawili?" Inspekta aliuliza.

"Kila mwanachama alijua mwezi huu ni zamu ya ndege yangu. Meza ingekutwa tupu mngeuliza iko wapi. Nikasema mkiikuta haijafunguliwa, mtasema hakuwa na neno nayo." Akainua macho kwenye rafu ya juu. "Na ile ilikuwa nzuri. Nilitaka ikutwe nzuri."

Hasira hasara, wanasema wazee, na hasara hii ilikuwa imekaa kwenye kigoda ikitazama mikono yake. Inspekta alitoa pingu. Fundi akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Naomba kuuliza kitu kimoja," alisema. "Ile kauli yake. Sikumwacha amalize. Tangu juzi najiuliza alitaka kuniambia nini."

"Boksi hili hukulifungua tena?"

"Nilirushia vipande ndani nikafunika. Sikuweza kulitazama."

Inspekta alichukua kifuniko kwa ncha za glavu, akakigeuza, akakishikilia mbele ya uso wake. Mwandiko wa penseli ulikuwa mdogo, ulionyooka, wa mchora ramani.

*Pua fupi. Fundi hana kosa. Alifuata mchoro wangu, na mchoro ulikosea. Mwezi uliopita nilikwenda kuipima ndege yenyewe ilikotupwa. Nitakiri jaridani kwa jina langu, kisha nimchoree mwingine, bure, nimwombe radhi uso kwa uso. Ndevu si kitu, zinanyolewa. Mbawa kama hizi sijawahi kuziona katika toleo dogo. Inabaki.*

Fundi alisoma midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Inabaki," alisema. "Inabaki ni nini?"

"Nyumbani kwake kuna rafu moja juu ya dirisha," Inspekta alisema. "Kwa miaka ishirini ameweka ndege nne. Yako ilikuwa ya tano."

Fundi akatoa sauti ambayo Inspekta hakupenda kuisikia, wala hakuisahau. Hakulia. Aliinamisha paji la uso mpaka likagusa chuma cha pingu, akakaa hivyo mpaka gari lilipofika.

*

Saa sita kasoro dakika kumi, mpwa alitoka mahabusu akiwa ameshika viatu mkononi, maana kamba zake hazikuonekana. Mama yake alimpapasa uso kama kipofu, kisha akamchapa kofi dogo begani.

"Ulikuwa unanificha ugomvi. Kwani mimi sikumjua kaka yangu? Nani hajagombana naye?"

Mwanawe akacheka huku analia, na Mkuu wa kituo akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ofisini.

Jioni Inspekta aliwapitia nyumbani kurudisha miwani ya marehemu. Aliwaambia yote, pamoja na ya nusu saa ile, kwa sababu Dada aliuliza na hakuwa mtu wa kudanganywa. Alipomaliza, Dada akapanda kigoda, akazisogeza ndege nne upande mmoja wa rafu, moja baada ya nyingine, mpaka pakabaki nafasi ya kutosha ndege moja ndogo.

"Kesi ikiisha mtaniletea," alisema. "Huyu mwanangu ataiunga."

Mpwa aliyekuwa mlangoni akakunja uso. "Mama, aliyeitengeneza ndiye aliyemwacha Mjomba akifa."

"Najua aliyeitengeneza, na sitamsamehe mpaka naingia kaburini." Alipangusa ile nafasi kwa ncha ya khanga. "Lakini ndege si mimi niliyeihukumu. Kaka alisema inabaki."